Namna ubongo unavyokumbuka machungu na kuyatumia katika maamuzi

Mazungumzo na jamaa zilizohamishwa na vita pamoja na viongozi wao



Tunawashukuru kwa kuacha foleni ya maji na kazi nyingine za leo mkaja kutusikiliza. Tuliombwa tuongee juu ya ubongo na machungu. Pengine wengine wenu wanajiuliza: ubongo una kazi gani na vita, na mashamba tuliyoyaacha, na swali la kurudi au kutorudi?

Una kazi kubwa. Kila jamaa iliyoko hapa iliwahi kuamua kukimbia. Kesho au kesho kutwa itaamua jambo lingine: kurudi, kubaki, kumpokea jirani au kumkatalia, kuamini habari au kuiacha ipite. Katika maamuzi hayo yote machungu ya zamani yamo ndani yakitoa ushauri, hata pale tunapodhani tunaamua kwa akili tu. Ni vizuri tumjue mshauri huyo: wapi tumsikilize mara moja, na wapi tumwambie angoje kidogo.

Sentineli na karani

Mwaka 1911 mganga mmoja wa Geneva, katika nchi ya Uswisi, aliyeitwa Édouard Claparède, aliandika habari ya mama mmoja mgonjwa aliyemjua. Ugonjwa ulikuwa umeharibu kumbukumbu ya mama huyo. Mambo ya zamani aliyajua, lakini jambo jipya halikukaa kichwani. Mganga alimsalimia kila siku, na kila siku alikuwa mgeni kwake. Siku moja mganga alificha pini katikati ya vidole vyake, akampa mkono. Mama alichomwa, akashtuka, na baada ya muda mfupi akasahau yote. Lakini mganga aliponyoosha mkono tena, yule mama alirudisha wake nyuma. Hakuwa na habari ya kusimulia. Alisema tu kwamba pengine watu huficha pini mkononi. (Siku hizi mganga hangeruhusiwa kumtendea mgonjwa hivyo, na ni haki.)

Tuangalie vizuri. Kichwani mwa mama huyo hapakuwa na hadithi, lakini uamuzi ulikuwepo. Machungu yalikuwa yamewekwa mahali pengine.

Leo mahali hapo panajulikana. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na upande wa kushoto, kuna kitu kidogo chenye ukubwa wa punje ya haragi. Kinaitwa amigdala. Sisi tukiite sentineli, mlinzi wa usiku. Kazi yake ni kupiga kengele: moyo unakimbia, mikono inatoa jasho, miguu inajitayarisha kabla mtu hajajua anakimbia nini. Joseph LeDoux, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza hofu katika panya kwa miaka mingi, alionyesha kwamba sauti ya hatari inaweza kumfikia sentineli huyo kwa njia ya mkato, kabla sehemu zinazofikiri hazijauliza hiyo ni sauti ya nini.

Karibu na sentineli anakaa jirani yake, hipokampo. Huyo tumwite karani. Yeye anaandika mahali, siku, saa, nani alikuwepo, nini kilitangulia na nini kilifuata.

Wakati wa hofu kubwa hao wawili hawaandiki sawasawa. Sentineli anaandika kwa nguvu, maana vitu ambavyo mwili unamwaga katika damu wakati wa hatari, kama adrenalini, vinakaza kumbukumbu. Karani mara nyingi anabaki na vipandevipande. Ndiyo maana mtu anaweza kueleza harufu ya moshi, au rangi ya kiatu alichokiona akiwa amelala chini, lakini asijue kama ilikuwa kabla ya usiku wa manane au baadaye. Leo anasema walikuwa watatu, kesho anasema watano. Viongozi mnaopokea ushuhuda, tunawaomba mlishike hili: ushuhuda uliokatikakatika si alama ya uongo. Tumesikia mara nyingi wamama wakiambiwa wanadanganya kwa sababu tu hawakuweza kupanga saa.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Daftari la sentineli halina tarehe. Limejaa alama tu: mlio wa pikipiki usiku, mbwa wanaobweka pamoja, mlango unaopigwa, namna fulani ya kutamka maneno. Alama ikitokea, kengele inalia kana kwamba jambo linatokea sasa. Hata mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kukimbia, ambaye hawezi kusimulia lolote, anaweza kulia kila mara magurudumu ya chukudu yanapogonga mawe barabarani. Mzazi asimpige wala asimwambie anajidai. Hakumbuki, lakini sentineli wake anakumbuka.

Mshauri mwenye faida

Tusifikiri kwamba hofu ni adui. Katika miaka ya 1990, kwenye Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao waliwapa watu mchezo wa karata wenye marundo 4. Marundo mawili yalitoa faida kubwa, lakini mara kwa mara yalileta hasara kubwa zaidi. Mawili mengine yalitoa faida ndogo na hasara ndogo. Wachezaji hawakuambiwa. Baada ya karata kama 10 tu, mikono yao ilianza kutoa jasho kila walipotaka kugusa marundo mabaya, na bado hawakuweza kueleza kwa nini. Lakini wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo juu ya macho, hawakutoa jasho hilo. Waliendelea kuchukua marundo mabaya, na baadhi yao waliendelea hata walipokwisha kutambua kwamba yanawapoteza.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Acha hofu, tumia akili," anakupa ushauri nusu. Akili isiyokumbuka maumivu inapoteza kila kitu, na haijali.

Watu wa Goma wana mfano wao. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukapita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, anga liligeuka jekundu tena. Watu wengi sana hawakungoja tangazo la mkubwa yeyote. Walichukua watoto na magodoro wakashika njia, wengine upande wa Sake, wengine kuelekea mpaka wa Rwanda. Safari ile moto ulisimama ukingoni mwa mji. Hakuna aliyekosea kwa kukimbia. Kumbukumbu ya 2002 iliwasaidia kuamua kwa haraka, nayo ilikuwa kumbukumbu inayofaa, maana mlima hauna nia. Alama zake za leo zinafanana na za jana.

Na hapo ndipo tunataka tukae kidogo. Binadamu si mlima. Jirani anabadilika. Barabara iliyokuwa na kizuizi mwaka jana huenda haina tena, na ile iliyokuwa salama huenda imeharibika. Watu wanafanya mikutano, wanapatana, wanavunja mapatano, wanahama, wanazeeka. Marundo ya karata yanageuzwa kila mara, na sentineli bado anatoa jasho kwa rundo la zamani.

Kengele inapolia kwa watu wote

Sentineli ana kanuni moja: afadhali kukimbia bure mara kumi kuliko kubaki mara moja siku mbaya. Kwa mnyama wa porini kanuni hiyo haina gharama kubwa. Kwa jamaa iliyohamishwa, kukimbia bure kuna gharama. Ni mbegu iliyoachwa chini kabla ya kuota, ni mtoto aliyekosa mtihani, ni mama mwenye mimba akitembea usiku. Risasi zikilia karibu, hatuwaambii mkae chini kufikiri. Kimbieni. Tunasema juu ya ile habari inayofika saa mbili usiku kwa redio trotwari au kwa sauti iliyotumwa kwenye simu, isiyo na jina la aliyeona, wala mahali, wala siku.

Kanuni hiyohiyo inafanya hatari nyingine kubwa zaidi. Sentineli hajui majina ya watu. Anashika alama iliyo rahisi kushika: lugha, sura, kofia, upande ambao watu walitokea. Mtu mmoja akikutendea ubaya akisema lugha fulani, kengele inaweza kulia kila unaposikia lugha hiyo sokoni, hata kinywani mwa mama anayeuza ndizi. Kulia kwa kengele si dhambi, ni mwili. Lakini kiongozi anayeichukua kengele hiyo na kuifanya siasa, akasema "watu wale ndio walivyo", anajua anachofanya. Amechukua maumivu ya kweli ya watu wake akayaelekeza kwa wasiohusika. Katika Kivu na Ituri tumeona mashamba yakichomwa na watu wakiuawa kwa njia hiyo, na waliouawa mara nyingi hawakuwa wale waliotenda.

Maneno ya kiongozi yana nguvu hata juu ya kumbukumbu yenyewe. Mwaka 1974, huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya magari yaliyogongana. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana. Wengine waliulizwa kwa neno kali zaidi, yaani yalipopondana. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na kioo kilichovunjika. Kati ya wanafunzi 50 waliosikia neno kali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia neno la kawaida, ni 7.

Hao walikuwa wanafunzi waliokaa kwenye viti, bila njaa wala hofu, na ni neno moja tu lililobadilishwa. Sasa fikirini kapita anayemwuliza mtu aliyefika usiku akitetemeka: "Waliowavamia ni wale wa kabila fulani, sivyo?" Mtu atajibu ndiyo. Wiki ijayo atakumbuka kwamba aliwaona, na ataapa, na hatakuwa anadanganya. Kumbukumbu inapofunguliwa ili isimuliwe, kitu kipya kinaweza kuingia kabla haijafungwa.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe hivi: "Tueleze ulichoona kwa macho yako." Kisha anyamaziwe, hata akikaa kimya muda mrefu. Baadaye: "Na ulichosikia kwa wengine?" Kamati zinazoandika habari kwenye daftari wachore mistari miwili, wapate sehemu tatu: niliona, niliambiwa, nadhani. Ni kazi ya kalamu na dakika chache. Tunaamini kuna mapigano ambayo yangezuiwa kama sehemu hizo tatu zisingechanganywa.

Hofu inayongoja nyumbani

Sasa swali ambalo wengi mmelileta: kurudi.

Kuna jambo la ubongo ambalo jamaa nyingi hazielezwi. Mtu akikaa mahali penye utulivu, kengele inapungua kidogokidogo. Analala, anakula, anacheka tena. Anafikiri hofu imefutika. Haikufutika. Wachunguzi wa kujifunza hofu, tangu Mrusi Ivan Pavlov na mbwa wake hadi hawa wa siku zetu, wameona kwamba ubongo hauchani ukurasa wa zamani. Unaandika ukurasa mpya juu yake. Na ukurasa mpya umefungwa na mahali ulipoandikwa. Utulivu uliojifunza hapa, uliujifunza hapa. Ukifika kwenye kijito kilekile, kwenye mti uleule, ukurasa wa zamani unaweza kufunguka wote siku moja.

Jamaa isiyojua hilo inafika kwake, hofu inarudi usiku wa kwanza, na inaamua mojawapo ya mambo mawili. Ama wanasema, "Mwili unatuonya, adui yuko karibu," wakakimbia tena na kuacha vyote. Ama baba anaona haya, anawaambia wote wanyamaze, naye anaanza kunywa. Tungependa mjue mapema: hofu ya majuma ya kwanza nyumbani ni ya kutarajiwa. Peke yake haithibitishi kwamba kuna hatari, wala haithibitishi kwamba hakuna. Inataka kupewa habari mpya: mchana wa kulima bila tukio, soko lililokwenda vizuri, usiku wa kulala karibu na majirani wengine. Ukurasa mpya unapaswa kuandikwa palepale.

Ndiyo sababu kurudi kwa haraka, bila matayarisho, kunaumiza. Februari 2025 makambi makubwa yaliyozunguka Goma, kama Bulengo na Lushagala, yalibaki bila watu kwa siku chache tu. Jamaa nyingi zilishika njia ya vijiji vyao bila kupata nafasi ya kuuliza nyumba iko katika hali gani. Mtu aliyeamuliwa na wengine wakati wa kukimbia, kisha akaamuliwa tena wakati wa kurudi, sentineli wake anajifunza jambo moja tu: kwamba hana nguvu. Viongozi, hata pale ambapo hamwezi kubadilisha tarehe, waacheni watu waamue lile linaloweza kuamuliwa: nani atangulie, njia gani ipitwe, watoto wabaki na nani.

Kuna wanaotuambia, "Waambieni watu wasahau." Hatuwaambii hivyo, kwa sababu haiwezekani. Wengine wanataka kila mtu asimame mbele ya watu aseme yote mara moja, ili atoke mzigo. Hilo pia hatulitaki. Imechunguzwa katika nchi mbalimbali, na kumfanya mtu aeleze msiba wake wote katika kikao kimoja, mara baada ya tukio, hakukuonekana kumkinga na ugonjwa wa baadaye, wengine kuliwazidishia. Kinachosaidia ni kazi ya polepole, na mtu anayejua kusikiliza. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapahapa mashariki mwa Kongo, katika vijiji vya Kivu, pamoja na wanawake waliotendewa ukatili wa kijinsia. Waliowasaidia hawakuwa waganga wakubwa bali wasaidizi wa kwetu waliofundishwa kazi hiyo. Katika vijiji vingine wanawake walikutana kwa vikundi, vikao 12 kwa jumla, wakajifunza kuchunguza mawazo ambayo maumivu yaliwaachia, kama lile la "ni kosa langu". Katika vijiji vingine walipewa msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja. Miezi 6 baada ya vikao, kati ya wale wa vikundi 9 kwa 100 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa. Kwa wale wengine walikuwa 42 kwa 100. Na vijiji hivyo havikuwa na amani kamili wakati huo. Machungu yalibaki katika kumbukumbu, ila hayakutawala tena kila siku.

Kwa usiku wa leo, mtu ambaye kengele yake imelia afanye jambo dogo. Aweke miguu miwili chini, atoe pumzi polepole kuliko anavyoivuta, na aseme kwa sauti: leo ni siku gani, niko wapi, niko na nani. Ni kumpa karani kalamu. Uamuzi unaoweza kungoja asubuhi ungoje asubuhi. Wamama wengi walikuwa wakifanya hivyo kabla hatujafika, kwa wimbo na kwa sala.

Tukimalizia, kuhusu watu wa kutangulia kwenda kutazama kijiji. Mnapowachagua, msichague wale wanaotamani kurudi peke yao. Waende pia wanaoogopa, na wawepo wamama, kwa sababu wao ndio wanaojua njia ya maji na ya kuni, na huko ndiko hatari hukaa. Wapewe maswali ya sasa: nani analala kijijini, siyo nani anashinda mchana tu, shule ina mwalimu, shamba linalimwa na nani na kwa mapatano gani, soko la mwisho lilikuwa siku gani, usiku uliopita kulisikika nini. Wakirudi, kila mmoja asimulie peke yake kwanza, kabla hawajakaa pamoja wakafanya hadithi moja. Kisha ripoti isomwe mbele ya wote, na kura isipigwe jioni ileile.